Samaki kajaa mayai ila hatagi: namna ya kutumia homoni kwa samaki wa baharini

Swali ninaloulizwa kuliko yote kuhusu kutotolesha samaki wa baharini ni "nimchome dozi gani?" Na mimi kila mara namrudishia mtu swali, mayai yake yana ukubwa gani sasa hivi? Hapo kimya. Au anajibu "tumbo kubwa sana kaka, limejaa". Sasa tumbo sio kipimo. Nishawahi kuchoma majike matatu ya baramundi kwa kuangalia tumbo tu, usiku wa kwanza nikakesha, wa pili nikakesha, wa tatu nikalala palepale pembeni ya tangi, hakuna hata yai moja. Tulipokuja kumpima mmoja wao tukakuta mayai yana milimita 0.2, yaani nusu ya yanayotakiwa, na lile tumbo lote lilikuwa mafuta maana tulikuwa tunawalisha kama wageni wa harusi. Homoni imeenda bure, samaki wamesumbuliwa bure, na wakasusa kula karibu wiki mbili.

Kwa hiyo naandika kwa mpangilio ninaoufuata sasa, na sindano utaikuta mbali huko chini, usiikimbilie.

Kwanza ujue amekwama wapi

Samaki akiwa baharini mwili wake unasoma vitu vingi kwa pamoja, urefu wa mchana, joto la maji, mwezi, kina, wenzake waliomzunguka. Ubongo ukiridhika kwamba muda umefika unatoa homoni inayoitwa GnRH (vitabu vya zamani vinaiita LHRH, ni kitu kilekile), hiyo inaenda kuamsha tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, pituitari nayo inaachia homoni mbili, FSH na LH, ambazo zinasafiri na damu mpaka kwenye ovari au korodani. FSH inasimamia ile kazi ndefu ya miezi: ovari inatoa estrojeni, ini likipata estrojeni linatengeneza protini ya kiini, protini inaingia kwenye yai na yai linanenepa taratibu. LH yake ni ngwe ya mwisho, inapanda kwa ghafla, yai linamaliza kuiva, linanyonya maji, linachomoka kwenye ovari na kutagwa.

Kwenye tangi samaki wengi wanafika vizuri mpaka pale yai limenenepa halafu wanagota. LH ipo, imetengenezwa na imejaa kwenye pituitari, ila haiachiliwi kwa sababu ubongo haujapata zile ishara ulizozizoea. Mayai yanakaa hivyo wiki kadhaa yakisubiri, yasipopata ruhusa yanaanza kuharibika humohumo ndani na mwili unayafyonza tena, msimu umeisha.

Homoni tunayochoma ni hiyo ruhusa tu. Haitengenezi yai. Ukimchoma samaki mwenye mayai madogo haitokei kitu, au inatokea mbaya zaidi, anatoa mayai mabichi yasiyorutubika. Wapo wa kipekee, mfano mkunga wa Japani, yeye akifugwa hata kunenepesha yai hawezi, inabidi achomwe dondoo ya pituitari ya salmoni kila wiki kwa miezi mpaka mayai yakue, na hivyo ndivyo watafiti wa Chuo Kikuu cha Hokkaido walivyopata viluwiluwi vya kwanza vya mkunga huyo, wakatangaza mwaka 1974. Lakini huyo mwache, hakuhusu kama unafuga chewa, baramundi, mwatiko, mkizi, tasi, sibasi au sibrimu.

Halafu jingine, kama samaki wako wanataga wenyewe, usichome. Nasema kwa sababu watu wakishapata homoni wanataka kuitumia. Baramundi na mwatiko waliotulia kwenye tangi kubwa, maji safi, joto sawa, wanataga bila kuguswa na mtu na mayai ya namna hiyo mara nyingi ni mazuri kuliko ya sindano. Rekebisha taa na joto kwanza, subiri msimu wao, ukiona wamefika wamegota ndo uingie.

Homoni zipo za aina gani

Ya kwanza kutumika ilikuwa pituitari yenyewe ya samaki mwingine, inatolewa kichwani, inakaushwa kwa asetoni, inasagwa na kuchomwa. Kazi inafanya, mpaka leo ipo, hasa pituitari ya kapu (samaki aina ya carp). Tatizo lake hujui ndani kuna LH kiasi gani maana inategemea huyo aliyetolewa alikuwa katika hali gani, na unaweza kubeba ugonjwa kutoka kwa samaki mmoja kwenda kwa mwingine.

Ya pili ni hCG, hii inasafishwa kutoka kwenye mkojo wa wajawazito (ndiyo, umesoma vizuri, na kwa samaki inafanya kazi). Inaigiza LH na inaenda moja kwa moja kwenye ovari bila kupitia pituitari, kwa hiyo inafanya haraka na inafanya hata kama pituitari ya samaki haina akiba. Inapimwa kwa yuniti, IU. Ubaya wake ni molekuli kubwa ya kigeni, mwili wa samaki unaweza kuitengenezea kinga, kwa hiyo mzazi uliyemchoma misimu miwili mitatu anaanza kutojibu na wewe unaongeza dozi ukidhani dawa imechakachuliwa.

Ya tatu, na mimi ndo chaguo langu, ni GnRHa, yaani GnRH iliyotengenezwa maabara ikabadilishwa kidogo. Ile ya asili iligunduliwa muundo wake mwaka 1971, watafiti wawili, Schally akitumia ubongo wa nguruwe na Guillemin akitumia wa kondoo, wakapewa Nobel mwaka 1977. Shida ya ile ya asili ni kwamba vimeng'enya vya mwili vinaikatakata ndani ya dakika chache. Iliyobadilishwa, wakaweka asidi amino tofauti nafasi ya sita na kubadilisha mwisho wake, haikatiki kirahisi na inakaa kwenye damu muda mrefu zaidi. Inaiambia pituitari ya samaki mwenyewe iachie LH yake mwenyewe, na pituitari ikiachia inaachia na vingine vinavyohitajika, sio LH peke yake. Ni ndogo mno kuamsha kinga, kwa hiyo mzazi yuleyule unamtumia miaka.

Kuna dawa zimechanganywa tayari, kama Ovaprim, kila mililita moja ina mikrogramu 20 za GnRHa ya salmoni na miligramu 10 za domperidoni, dozi ya kawaida mililita 0.5 kwa kilo. Domperidoni imewekwa kwa sababu kuna samaki ambao ubongo wao unatoa dopamini inayoifunga pituitari isiachie LH, kapu na kambare wako hivyo sana. Samaki wengi wa baharini breki hiyo ni dhaifu au haipo, kwa hiyo GnRHa peke yake inatosha. Ila mkizi! Mkizi anayo na ni kali, ukimchoma GnRHa tupu utasubiri sana. Kwake watu hutumia GnRHa pamoja na dawa ya kuzuia dopamini kama metoklopramidi, au ule utaratibu wa zamani wa pituitari ya kapu miligramu 20 kwa kilo leo, halafu kesho yake GnRHa mikrogramu 200 kwa kilo.

Kuandaa wazazi

Hapa sikai sana ingawa ndo inachukua miezi. Wape chakula chenye mafuta ya baharini, ngisi, samaki freshi, vitamini E na C, kwa sababu ubora wa yai unaamuliwa kipindi linanenepa na homoni haiwezi kuurekebisha baadaye. Usiwanenepeshe kama nilivyofanya mimi. Kila mzazi awe na chipu ndani ya mwili ili ujue nani ni nani, sio "yule mwenye mkia uliochanika". Chumvi iwe ya bahari kamili. Simamisha chakula siku moja kabla ya kuwashika.

Kwa wafugaji wa chewa, kumbuka chewa wengi wanazaliwa majike na wanageuka madume wakiwa wakubwa, kwa hiyo unaweza kujikuta na tangi zima la majike. Madume hupatikana kwa kuwapa methiltestosteroni (homoni ya kiume), kwenye chakula au kama kipandikizi, na hiyo ni kazi ya miezi sio ya wiki ya kutagisha, kwa hiyo panga mapema.

Kenyula, hapa ndo pa kukaa

Kenyula ni mpira mwembamba wa plastiki laini, unaoingizwa kwenye tundu la uzazi kuvuta mayai machache uyaone. Wangu una kipenyo cha ndani kama milimita moja, nimekata ncha yake ikawa laini, haina kona.

Unamlaza samaki usingizi kwanza. Mafuta ya karafuu yanafaa, miligramu 30 hadi 50 kwa lita, ila yakoroge kwenye pombe ya ethanoli kabla ya kuyamwaga kwenye maji maana yenyewe hayachanganyiki, yanaelea juu na samaki mmoja anapata yote mwingine hapati. Wengine wanatumia fenoksiethanoli au MS-222. Chochote utakachotumia mjaribu samaki mmoja kwanza, weka hewa kwenye hilo beseni, na anapolala chali na hajibu ukimbana mkia ndo yuko tayari, vifuniko vya mashavu vikiacha kucheza ujue umepitiliza, mrudishe kwenye maji safi haraka.

Mlaze kwenye sponji lililolowa, macho mfunike kwa kitambaa kibichi. Tafuta tundu nyuma ya mkundu. Nyuma, sio mkundu wenyewe, ukivuta kinyesi utajua umekosea njia, na ukivuta maji matupu umeingia kwenye kibofu. Sukuma pole pole kuelekea mbele, sentimita 5 hadi 7 kwa samaki mkubwa, ukihisi kizuizi usilazimishe, zungusha mpira kidogo. Halafu vuta kwa mdomo kwa upole au kwa sirinji huku unautoa taratibu. Mayai 100 yanatosha, hatuhitaji kijiko kizima.

Kila samaki na mpira wake, na baadaye kila samaki na sindano yake. Sitanii. Virusi vya nodavirusi vinavyoua vifaranga vya chewa, baramundi na sibasi vinabebwa na wazazi ambao kwa macho ni wazima kabisa, na vinapita kwenye mayai, sasa wewe ukichukua mpira mmoja ukawapitia majike kumi umewagawia wote.

Mayai yaweke kwenye kisahani na maji ya bahari kidogo, chini ya hadubini yenye rula kwenye lenzi, na hiyo rula uwe umeipima kwanza kwa kila ukuzaji, kuna jamaa alipima mayai msimu mzima kwa rula isiyo sahihi akawa anasema samaki wake "wana mayai makubwa kwa asili". Pima yasiyopungua 50. Usichague yale makubwa tu kwa sababu ndo yamekufurahisha, angalia kundi kubwa la mbele liko wapi.

Mayai machanga kabisa ni madogo, yanapitisha mwanga, yameng'ang'aniana. Yaliyonenepa ni ya mviringo, hayapitishi mwanga, yanatengana yenyewe, na hayo ndo tunayatafuta. Kwa baramundi yafike milimita 0.4 na kuendelea, chewa wengi pia ni 0.4 hadi 0.5, mkizi 0.6, sibasi wa Ulaya na mwatiko 0.65 hivi. Ukikuta mengi yana umbo la ovyo, ukuta umelegea, ndani kuna madoa meusi kama yameungua, huyo amepitwa na muda, mayai yanafyonzwa, muache mpaka msimu mwingine. Na ukikuta makubwa yamekuwa maangavu kama vioo, huyo amenyonya maji tayari, anataga leo au kesho, sindano ya nini? Mrudishe kimya kimya.

Ukitaka kujua zaidi, loweka mayai machache kwenye mchanganyiko wa ethanoli sehemu 6, fomalini 3 na asidi asetiki kali 1, fanya hivyo penye hewa maana unachoma macho. Baada ya dakika chache yai linaangaza na unaiona nukliasi. Ikiwa katikati, bado. Ikianza kusogea pembeni, huyo jike amekaribia mwenyewe na dozi ndogo itamtosha.

Dume mkamue tumbo kwa upole kuelekea nyuma, manii yatoke meupe na mazito. Chukua tone dogo sana, weka chini ya hadubini, ongeza maji ya bahari halafu angalia papo hapo, mbegu zinaamka zikigusa maji ya bahari na zinachoka ndani ya dakika chache. Usikamue mengi, mkojo ukiingia yameharibika.

Hesabu

Watu wanaangukia hapa kuliko kwenye kuchoma. Mikrogramu sio miligramu, mikrogramu elfu moja ndo miligramu moja. Andika kwenye karatasi, mtu wa pili ahesabu bila kuangalia jibu lako.

Tuseme una jike la baramundi la kilo 4 na unataka mikrogramu 50 kwa kilo, hiyo ni mikrogramu 200. Kichupa cha GnRHa kina miligramu 1, yaani mikrogramu 1,000, ukikiyeyusha kwa mililita 5 za maji ya chumvi ya hospitali, kila mililita ina 200. Kwa hiyo jike anapata mililita 1. Dume wa kilo 3 anapewa nusu ya dozi, 25 kwa kilo, inakuja 75, sawa na mililita 0.38. Kama dume anatoa manii vizuri wengine hawamchomi kabisa, mimi namchoma kidogo maana manii yanaongezeka na anachangamka kumfuata jike.

Kwa hCG, chewa wa kilo 5 kwa yuniti 500 kwa kilo ni 2,500, kichupa cha 5,000 ukiyeyusha kwa mililita 2 anapata mililita 1. Chewa kawaida anachomwa mara mbili, ya pili baada ya masaa 24, na dozi za hCG kwa samaki hawa zinacheza kati ya 500 na 1,000 kwa kilo.

Dozi za GnRHa kwa samaki wa baharini, ukimtoa mkizi niliyemtaja juu, mara nyingi utazikuta kuanzia mikrogramu 5 mpaka 100 kwa kilo kutegemea aina. Anza chini. Dozi kubwa haileti mayai mengi zaidi, inaharakisha mambo kuliko yai linavyoweza kwenda na unapata mayai mengi yanayozama.

Unga mkavu ukae kwenye friza, ukishauyeyusha weka kwenye barafu na utumie siku hiyohiyo, usiutikise kwa nguvu kama soda. Vaa glovu. Mama mjamzito asishike hizi dawa hata kidogo, zinaathiri na homoni za binadamu vilevile. Nchi nyingi hizi ni dawa za daktari wa mifugo, zina masharti, na samaki aliyechomwa ni mzazi, haendi jikoni, hasa hao waliopewa methiltestosteroni.

Kuchoma sasa

Akiwa bado amelala kutoka kwenye kenyula mchome hapohapo, usimshike mara mbili. Misuli iliyo chini ya pezi la mgongoni, inua gamba kidogo kwa ncha ya sindano, ingia nyuzi 45 ukielekea kichwani, sukuma taratibu, kaa sekunde chache kabla ya kuchomoa halafu weka kidole usugue, vinginevyo nusu ya dozi unaiona inatiririka nje na hutajua amebaki na kiasi gani. Sindano ya geji 21 au 23 inatosha. Ikizidi mililita moja gawa pande mbili. Wengine wanachoma tumboni kwenye shina la pezi la ubavuni, inafanya kazi ila ukienda ndani sana unatoboa utumbo.

Kwa samaki wanaotaga kidogo kidogo siku nyingi mfululizo, kama sibrimu anayeweza kutaga kila siku kwa miezi mitatu minne, sindano moja haitoshi, unataka homoni inayotoka pole pole. Hapo ndo vinakuja vipandikizi, vidonge vidogo vya kolesteroli na selulosi au vya plastiki maalum, ndani yake kuna GnRHa, vinaingizwa kwenye msuli kwa sindano nene ya kupandikizia. Selulosi ikiwa nyingi homoni inatoka haraka, kolesteroli ikiwa nyingi inachelewa. Hata jodari wakubwa wa Atlantiki wametagishwa kwa vipandikizi vya aina hii, na jodari huwezi kumshika leo na kesho ukamshika tena, akivuliwa mara ya pili kuna hatari afe, kwa hiyo dozi moja ya muda mrefu ndo suluhisho. Na ukiona samaki yeyote wako anateseka sana kushikwa, fikiria kipandikizi badala ya sindano mbili.

Kisha mwamshe kwenye maji safi, mshike huku maji yakipita kwenye mashavu mpaka apige mkia mwenyewe. Mwache. Zima taa kali, funika tangi, kataza watu kupita pita. Stresi ya kushikwa peke yake inatosha kufunga kila kitu ulichofungua.

Saa ya kusubiri

Panga saa ya kuchoma kwa kurudi nyuma kutoka saa ya kutaga. Baramundi kwenye nyuzi 28 hadi 30 wanataga kama masaa 30 hadi 40 baada ya sindano, na wanapenda kutaga usiku ukiingia, kwa hiyo ukichoma asubuhi inaangukia jioni ya kesho yake. Mara nyingi wanaendelea na usiku unaofuata tena. Kwenye maji baridi mambo ni taratibu, sibasi wa Ulaya kwenye nyuzi 13 hadi 15 unahesabu kama siku tatu. Joto likishuka digrii mbili saa yako yote imebadilika, kwa hiyo usinakili masaa ya mtu mwingine bila kuuliza maji yake yalikuwa nyuzi ngapi.

Wawekee madume sawa na majike au mawili kwa jike moja. Utaona dume anamfuata jike kwa karibu, anamsukuma tumbo, maji yanaanza kuwa na harufu fulani na povu la mafuta juu. Usiwashe tochi!

Wakishindwa kutaga wenyewe, kama chewa wengi, inabidi ukamue, na hapo saa ndo kila kitu. Yai likishachomoka kwenye ovari linabaki zuri kwa muda mfupi tu, kwa samaki wa maji ya joto ni masaa machache, halafu linazeeka ndani ya mama yake. Tumbo likivimba ghafla na kuwa laini, mjaribu kwa kubonyeza kidogo sana, mayai yakitoka kama uji bila kulazimisha, kamua kwenye bakuli kavu. Kavu kweli, hata tone la maji ya bahari lisiwemo, tundu lifutwe kwa taulo. Ongeza manii ya madume mawili au matatu, koroga kwa unyoya, kisha ndo uweke maji ya bahari safi, subiri dakika chache, osha. Yakigoma kutoka acha, rudi baada ya saa moja, ukikamua kwa nguvu unatoa damu na mayai mabichi na huyo mama hutamwona msimu ujao.

Mayai yametoka

Mayai mazuri ya samaki hawa yanaelea kwenye chumvi ya bahari kamili, mabaya yanazama (isipokuwa tasi, ambaye yake kwa kawaida yananata chini). Yakusanye juu ya maji kwa wavu laini, yaweke kwenye silinda ya kupimia, zima hewa dakika tano hadi kumi, ya chini yamwage usiyaonee huruma. Chumvi ikiwa chini hata mazuri yatazama na utayatupa kwa makosa, kwa hiyo pima chumvi kabla ya kukata tamaa. Masaa mawili mpaka manne baadaye weka 100 chini ya hadubini uhesabu yaliyogawanyika vizuri, seli mbili, nne, nane, zenye ukubwa sawa. Yanayoelea bila kugawanyika ni mengi kuliko unavyodhani, kuelea sio kurutubika.

Andika kila kitu, namba ya chipu, ukubwa wa yai siku ya sindano, dozi, joto, masaa mpaka kutaga, asilimia iliyoelea, iliyorutubika na iliyoanguliwa. Baada ya majike kama kumi utaanza kuona kitu, kwangu mimi kwa mfano wale wa milimita 0.40 kamili wanataga lakini urutubishaji unakuwa wa kusuasua, na wale wa 0.45 wanatulia, kwa hiyo siku hizi nikikuta 0.40 namrudisha na kumpima tena mwezi ujao. Baramundi kwenye nyuzi 28 hadi 30 wanaanguliwa kama masaa 12 hadi 17 baada ya kutagwa, kwa hiyo ukimaliza kuhesabu, osha matangi ya viluwiluwi saa hiyohiyo maana kesho asubuhi yanahitajika.